Kuogelea Ziwa Tanganyika na Kurudi Salama: Mwongozo Kamili kwa Wanaoshuka Ufukweni Kigoma

Mvua zikishakatika mwezi wa tano, kila Jumapili mchana vijana wa mjini hushuka ziwani kwa makundi. Nimekuwa nikifundisha watoto kuelea upande wa Katonga kwa miaka kadhaa, na watu wazima hunijia na swali lile lile: "Fulani alikuwa anajua kuogelea. Ilikuwaje akazama?"

Makosa ninayoyaona ni matatu, na hayabadiliki. Watu wanajua kupiga mbizi lakini hawajui kuelea. Wanakuja kumi, lakini hakuna hata mmoja aliyepewa kazi ya kuangalia. Na mmoja akizidiwa, wa pili anamrukia kwa mikono mitupu, tunatoa wawili.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia nchi kavu. Hatua tatu za kwanza unazimaliza kabla hujalowa. Usiziruke.

## Vitu vya kuandaa nyumbani

Dumu tupu la lita 5 au 10 lenye kifuniko kinachokaza. Hili ndilo boya la kumrushia mtu. Dumu la lita 5 lililofungwa vizuri hubeba karibu kilo 5, nazo zinatosha kushikilia kichwa cha mtu mzima juu ya maji. Likikosa kifuniko litajaa na kuzama. Lijaribu kwenye ndoo: ukiona mapovu yanatoka, tafuta jingine. Kisha acha ndani maji kiasi cha glasi moja. Dumu tupu kabisa hupeperushwa na upepo ukilirusha. Lenye maji kidogo huenda unakolielekeza.

Kamba ya manila ya mita 20. Funga ncha moja kwenye mkono wa dumu. Ncha ya pili ipige fundo kubwa, ili kamba ikikuponyoka ikwame mkononi au chini ya mguu.

Ufito au mwanzi wa mita 3 hadi 4. Utaupimia kina, na utamnyooshea mtu aliye karibu.

Filimbi. Sauti ya mtu haishindani na mawimbi wala muziki.

Nguo za kubana zenye rangi kali. Chungwa, nyekundu, njano iliyokoza. Bluu na nyeupe hupotea majini. Mtoto aliyevaa kaptula ya bluu akiwa chini ya maji unaweza kumtazama usimwone. Kanga, kitenge na dera viacheni mchangani. Kitambaa kirefu kikilowa hujisokota miguuni na kumfunga mtu kama kamba. Kwa dada zangu wanaotaka kujisitiri, taiti na fulana ndefu ya kubana vinatosha.

Yeboyebo au kandambili zenye mkanda wa nyuma. Kuna mawe, vipande vya chupa na ndoano za wavuvi.

Jaketi okozi kwa kila atakayepanda mtumbwi au boti, ajue kuogelea asijue. La mtoto liwe saizi yake na liwe na mkanda wa kupita mapajani, la sivyo yeye atateleza chini na jaketi litabaki juu peke yake.

Simu yenye chaji. Hifadhi namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na 112 ya polisi. Hifadhi pia namba ya dereva wa bajaji au teksi anayeijua njia ya huo ufukwe.

Taulo kavu kwa kila mtu. Sababu iko Hatua ya 9.

Kuna viwili nawasihi msivibebe. Cha kwanza ni pombe: humwondolea mtu woga wa kilindi, huku mikono ikichoka mapema na akili ikichelewa kugundua. Anayetaka bia, ainywe baada ya kuvaa nguo kavu, na asirudi majini siku hiyo. Cha pili ni mpira wa ndani wa tairi la gari. Unaonekana kama boya, lakini upepo unausukuma kuliko unavyoweza kuogelea, na anayeukalia mara nyingi ni yule asiyejua kuogelea. Ukipinduka mbali na ufuo, hana kitu.

## Hatua ya 1: Chagua mahali, na ujue pa kukataa

Mahali pazuri pana mchanga unaoonekana chini, mteremko wa taratibu, watu wengine wanaoogelea, na njia ambayo gari au bajaji inaweza kufika. Jakobsen, upande wa Katonga, wengi hupapenda kwa mchanga wake na maji maangavu. Hata hapo, hatua zote zinazofuata zinahusika.

Kataa sehemu hizi:

*Mwalo wenye shughuli.* Kibirizi ni bandari ya boti, ni mahali pa kupandia kwenda Gombe na vijiji vya kaskazini. Boti zinaingia na kutoka, na nahodha aliyekaa nyuma kwenye injini haoni kichwa kilicho mbele ya mdomo wa boti yake. Propela haiachi jeraha dogo. Alfajiri ni mbaya zaidi, kwa sababu wavuvi wa dagaa wanarudi na taa zao, wamechoka, wana haraka ya soko.

*Midomo ya mito.* Inapoingilia Luiche karibu na Ujiji, na kusini zaidi inapoingilia Malagarasi, maji ni machafu, yana mkondo, na ndiko mamba na viboko wanakopenda kukaa. Anayekwambia hajawahi kumwona mamba pale anakueleza habari za macho yake tu.

*Penye matete na majani majini.* Hapo ndipo konokono wa kichocho wanapokaa. Maji yakiwa yametulia, ya vuguvugu, yenye majani, na watu wanafulia karibu, tafuta pengine.

*Penye mapango ya mawe,* kama una tabia ya kupapasa. Ziwa letu lina swila wa maji, nyoka wa kahawia mwenye pete nyeusi shingoni, anayekula samaki na kupumzika katikati ya mawe. Ana sumu kali. Hamfuati mtu, na mara nyingi hujiondokea, lakini usitie mkono kwenye ufa usiouona ndani. Akinaswa kwenye wavu, mwachie mvuvi.

Miaka ya karibuni ziwa limepanda na kumeza sehemu za fukwe. Ulipokuwa ukicheza mpira utotoni huenda sasa pana maji ya kifuani, na chini kuna visiki, misingi ya kuta na nondo. Usiingie kwa kumbukumbu.

Halafu uliza. Kila ufukwe una mzee anayeshona nyavu kivulini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Mmekuja kuoga?"

"Ndiyo, mzee. Hapa panaogeleka?"

"Hapa sawa. Lile jiwe jeusi msilipite. Pale chini pamekatika."

Maneno hayo hayakugharimu kitu, na hayapo kwenye ramani yoyote. *Pamekatika* maana yake sakafu ya ziwa inashuka ghafla kama ukingo wa korongo.

Ukifanikiwa: unaweza kuwaambia wenzako kwa kidole, "Tunaogelea kutoka hapa mpaka pale," na una sababu.

## Hatua ya 2: Soma upepo, anga na saa

Bahari ina kupwa na kujaa, ziwa halina. Bwana mkubwa wa Tanganyika ni upepo.

Simama ukitazama Kongo. Ukiusikia upepo usoni, mawimbi yatakuwa makubwa ufuoni lakini yanakurudisha nchi kavu. Ukiusikia kisogoni, ogopa zaidi. Wakati wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu, na kwa sisi tulio mwambao wa mashariki mara nyingi hutokea nyuma ya vilima. Vilima vinaukinga, kwa hiyo karibu na ufuo maji yanalala kama mafuta ya taa kwenye sinia. Mbele kidogo, kinga inapoishia, kuna upepo unaosukuma kila kinachoelea kwenda katikati, na ng'ambo iko makumi ya kilomita.

Jaribu hivi: tupa jani kavu au kipande cha kijiti majini, kisha hesabu polepole mpaka mia. Kikirudi ufuoni, sawa. Kikielekea ndani, leo mwisho wenu ni maji ya kiunoni. Kikienda pembeni haraka, kuna mkondo wa kando ya ufuo. Chagua mnara, mti au jiwe la kujipimia mlipo, maana mtajikuta mbali na vitu vyenu bila kujua.

Asubuhi kuanzia saa mbili hadi saa tano mara nyingi ndiyo mida mizuri. Jioni kuna tatizo ambalo wageni hawalifikirii. Ufukwe wetu unatazama magharibi. Ikifika saa kumi na kuendelea, jua linashuka mbele ya macho ya anayeangalia, maji yote yanawaka kama bati, na vichwa vya watu vinageuka vivuli vyeusi visivyohesabika. Picha za machweo zipigwe mkiwa nchi kavu. Mimi huwatoa watoto wote majini kabla ya saa kumi.

Msimu wa mvua, Oktoba hadi Mei mwanzoni, ukisikia ngurumo toka majini papo hapo, hata kama juu yako ni kweupe. Subiri nusu saa tangu ngurumo ya mwisho, na usijikinge chini ya mti mmoja uliosimama peke yake. Baada ya mvua kubwa maji ya karibu na mito hugeuka kahawia na kubeba magogo na taka za vyoo. Ahirisha siku mbili.

Ukifanikiwa: mmekubaliana saa ya kuingia na saa ya kutoka, na kila mmoja anaijua.

## Hatua ya 3: Mteue mwangalizi mmoja kwa jina

Hii ndiyo hatua inayoshindikana kuliko zote, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Familia inakuja na watu wazima sita na watoto tisa. Ukiuliza nani anawaangalia watoto, wote wanajibu, "Tupo hapa." Baba anageuza samaki, mama anafungua sufuria ya wali, mjomba yuko kwenye simu, shangazi anadhani mjomba anatazama. Mtoto hazami kwa sababu watu wazima ni wabaya. Anazama kwa sababu kila mmoja alimwachia mwenzake.

Fanyeni hivi. Mtu mmoja mzima anavaa filimbi shingoni. Akiwa nayo, hali chakula, hashiki simu, haendeshi gumzo. Anasimama, hakai, na dumu lenye kamba liko miguuni pake. Kazi yake ni kuhesabu vichwa tena na tena.

Zamu iwe dakika 20, kwa sababu macho huchoka. Anapokabidhi, anatamka idadi:

"Majini wapo saba. Nakukabidhi."

"Saba. Nimepokea."

Asiyetamka "nimepokea" hajapokea, na filimbi haivuliwi.

Mtoto ambaye hajui kuogelea awe na mtu wake mwingine ndani ya maji, umbali wa kunyoosha mkono na kumgusa. Mwangalizi wa ufuoni hachukui nafasi ya mkono huo. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya magotini, akianguka kifudifudi, na hatapiga kelele.

Mwenye kifafa asiingie peke yake hata siku moja. Avae jaketi okozi, awe na mtu pembeni anayejua hali yake, na asivuke maji ya kiunoni.

Ukifanikiwa: ukiuliza ghafla "wangapi majini?", mtu mmoja anajibu bila kuanza kuhesabu.

## Hatua ya 4: Ingia kwa miguu, ukipima

Tanganyika ni bonde la ufa lililojaa maji. Kina chake kinafika karibu mita 1,470, na ni Baikal ya Urusi tu inayolizidi ziwa hili duniani kote. Bonde lenye kina hicho halina kingo za taratibu kila mahali: hatua kumi ni mchanga, ya kumi na moja haina kitu chini.

Uangavu wa maji nao unadanganya. Ukitazama kutoka juu, maji huonekana mafupi kuliko yalivyo: kina cha mita 2 hukiona kama mita moja na nusu. Mtu mwenye urefu wa kawaida anajiambia "nitasimama", anaruka, hasimami.

Kwa hiyo mtu mzima anayejua kuogelea aingie kwanza na ufito, akichomeka mbele yake kabla ya kila hatua. Ufito ukizama ghafla, arudi hatua tatu. Hapo ndipo mpaka. Uwekeeni alama mbili ufuoni, mfano ndala juu ya fimbo mbili, ili walio majini waone wasipite wapi. Kwa wasiojua kuogelea, mpaka ni kitovu.

Kichwa hakitangulii. Kupiga mbizi kutoka kwenye mawe, hata pale ambapo vijana wenyeji wanaruka, kunavunja shingo, na shingo iliyovunjika majini ni kifo au kupooza. Wao wanalijua jiwe lililo chini, wewe hulijui. Hata wao, tangu ziwa lipande, wamekuwa wakirukia maji mapya.

## Hatua ya 5: Jifunze kuelea kabla ya kujifunza kwenda

Anayejua kuelea chali anaweza kusubiri msaada. Anayejua kupiga mikono tu ana muda mpaka mikono ichoke.

Ziwa ni maji baridi, hayana chumvi, kwa hiyo hayakubebi kama bahari. Waliojifunzia Dar es Salaam au Tanga hushangaa wanapoona miguu yao inashuka huku. Ni kawaida. Msiogope.

Fanya mazoezi kwenye maji ya kiunoni, msaidizi akiwa amesimama kando yako:

1. Chuchumaa mpaka mabega yaingie majini. Jaza kifua hewa.
2. Laza kichwa nyuma mpaka masikio yazame. Wengi hushindwa hapa. Hawataki maji masikioni, wanainua kichwa kutazama vidole vya miguu, na kichwa kikipanda kiuno kinashuka. Tazama mawingu, kidevu juu.
3. Inua tumbo kana kwamba kuna mtu analivuta kwa uzi. Msaidizi aweke kiganja chini ya mgongo wako, akuguse bila kukubeba.
4. Tandaza mikono kama unayepokea wageni. Viganja vitikisike polepole chini ya maji.
5. Pumua kwa mpango: vuta hewa kifua kijae, ishikilie kwa kuhesabu mpaka tatu, toa kidogo haraka, vuta tena. Mapafu ndiyo boya lako. Ukitoa hewa yote, unashuka.
6. Miguu ikizama, iache. Wanaume wenye miguu ya misuli karibu wote huning'inia. Ilimradi pua na mdomo viko juu, unaelea.
7. Kusimama tena: kunja magoti kifuani, sukuma maji chini kwa mikono, inua kichwa, teremsha nyayo. Rudia mpaka ufanye bila hofu. Wapo waliojua kuelea wakazama wakijaribu kusimama.

Mawimbi madogo yakikupita usoni, funga mdomo, subiri lipite, pumua. Usigeuke kukimbia.

Ukifanikiwa: dakika 3 chali bila kugusa chini, msaidizi akiwa ameondoa mkono. Ambaye hajafikisha dakika 3, simruhusu kuvuka kitovu, hata awe na umri gani, na nimewakatalia watu walionizidi miaka ishirini.

## Hatua ya 6: Ogelea kufuata ufuo

Ukielekea katikati, kila mkono unaopiga unaongeza urefu wa njia ya kurudi. Ukiogelea kufuata ufuo kwenye kina cha kifua, ukichoka unasimama. Basi. Hakuna sababu ya kwenda Kongo.

Ukijikuta unachukuliwa, usishindane. Geuka chali, elea, pumua mpaka moyo utulie, kisha inua mkono mmoja na uupunge. Nguvu zikirudi, ogelea pembeni kwanza, ndipo ukate kuelekea nchi kavu kwa mshazari.

Msuli wa kigimbi ukikaza, geuka chali, nyoosha mguu, vuta vidole kuelekea kwako mpaka uachie. Kisha toka.

Na kuna mchezo mmoja wa vijana naupiga marufuku kabisa: kushindana nani atakaa chini ya maji muda mrefu. Wanapumua haraka haraka mara nyingi ndipo wanazama. Kupumua hivyo kunaondoa ile hali inayokulazimisha kuvuta hewa, lakini hakukuongezei hewa. Kijana anazimia huko chini akiwa hajasikia dalili yoyote, na wenzake wanadhani anashinda.

## Hatua ya 7: Mwenzako anazama, usimrukie

Kwanza mtambue. Anayezama hapigi kelele na hapungi mkono. Mdomo uko usawa wa maji, kichwa kimelala nyuma, mwili umesimama wima, mikono inasukuma maji chini kama anayepanda ngazi isiyoonekana. Macho yametoka au yamefunikwa na nywele. Anaweza kupotea kabla ya dakika moja kuisha. Ukiwa na shaka, muulize kwa sauti: "Uko salama?" Asiyejibu anazama.

Fuata mpangilio huu bila kuruka:

Piga filimbi na elekeza kidole. Mtu mmoja asiondoe macho yake pale alipo, kwa sababu akizama, maji hayana alama. Mwingine apige simu.

Mfikie kwa mti. Kama ufito unamfika, lala kifudifudi ufuoni au shika kitu kigumu, mnyooshee, mwambie "Shika!" Ukisimama wima atakuvuta.

Mrushie dumu. Kanyaga ncha ya kamba. Rusha dumu lipite juu ya bega lake lianguke nyuma yake, kisha vuta kamba imfikie. Ukimrushia mbele, hatalifikia. Likikosea, livute urushe tena. Usianze kukunja kamba vizuri. Nimewafundisha watoto wa darasa la tano jambo hili, na wanalifanya ndani ya muda mfupi kuliko unaotumia kusoma aya hii.

Chukua mtumbwi. Msogelee kwa upande wa nyuma au mbele wa mtumbwi, asiushike ubavuni akaupindua.

Kuogelea kumfuata ni kwa aliyefunzwa tu, na hata yeye aende na dumu, alisukume mbele yake, amwachie dumu bila kuguswa mwili. Mtu anayezama hupanda juu ya chochote kilicho karibu, na kilicho karibu ni kichwa chako. Akikushika, zama chini mwenyewe: atakuachia, kwa sababu yeye anatafuta juu.

Najua uzito wa ninachosema. Aliye majini ni mdogo wako, au mwanao, na mimi nakuambia usiruke. Nakuambia ushike dumu kwanza. Ni sekunde tano, na zinawarudisha wote wawili.

## Hatua ya 8: Ametolewa, fanya nini

Kwanza nianze na yasiyofaa, kwa sababu bado nayaona. Usimning'inize kichwa chini. Usimzungushe. Usimkandamize tumbo ili "maji yatoke". Kitakachotoka ni chakula, na kitaingia mapafuni. Anachokosa huyu mtu ni hewa.

1. Mlaze chali mahali pagumu. Mwite, mtikise mabega.
2. Inua kidevu, laza kichwa nyuma. Tazama kifua kwa sekunde 10 zisizozidi. Kuhema kwa kukatakata si kupumua.
3. Hapumui: ziba pua, funika mdomo wake kwa wako, mpulizie mara 5, kila pumzi sekunde moja, kifua kiinuke. Kisipoinuka, rekebisha kichwa.
4. Bado kimya: weka kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake, mikono iwe imenyooka. Kandamiza mara 30, kina cha sentimita 5 hivi, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kwa mtoto tumia mkono mmoja, kina theluthi ya unene wa kifua.
5. Mpulizie mara 2. Rudi kwenye 30. Endelea. Badilishaneni kila dakika 2, kwa sababu anayekandamiza huchoka bila kujua.
6. Povu likitoka mdomoni, usipoteze muda kulifuta; endelea kupuliza. Akitapika, mgeuze ubavu, safisha, mrudishe.

Usisimame kwa sababu gari limefika. Mpandisheni huku mmoja anaendelea.

Akianza kupumua, mlaze ubavu, mvue nguo zilizolowa, mfunike. Na hata akikaa, akaomba chai, akasema "niko sawa", mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, iko mjini. Mapafu yaliyoingia maji yanaweza kuharibika saa kadhaa baadaye. Kikohozi kisichokata, kuhema haraka au usingizi usio wa kawaida usiku huo ni dharura.

## Hatua ya 9: Baada ya kutoka majini

Hesabuni vichwa kwanza, kabla ya kugawa chakula.

Kisha jifuteni, kila mtu kwa taulo lake, kwa kusugua. Kichocho cha tumbo kipo mwambao huu. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono, zaidi mchana jua likiwa kali, na hupenya ngozi ndani ya dakika chache. Kujifuta haraka kunaweza kupunguza, lakini hakukuhakikishii chochote. Kinga ya kweli ni mahali ulipochagua Hatua ya 1.

Ngozi ikiwasha baada ya kuoga, au homa, kikohozi na uchovu vikikujia wiki chache baadaye, mweleze mganga kwamba uliogelea ziwani. Usiposema, atatafuta malaria peke yake. Hata bila dalili, anayeoga mara kwa mara apime choo. Mayai huonekana baada ya minyoo kukomaa, kwa hiyo subiri wiki 6 hadi 8 tangu ulipoogelea. Ukipima kesho yake utaambiwa huna. Dawa ni prazikwanteli, hupimwa kwa uzito wa mwili, kwa hiyo itolewe kituoni na usigawane na jirani.

Watoto wazoesheni kwenda chooni kabla ya kuingia ziwani. Mayai ya kichocho cha tumbo hutoka na kinyesi, humfikia konokono, na Jumapili nyingine hurudi kwenye ngozi ya mtoto yule yule.

Maji yakibaki sikioni, inamisha kichwa upande huo na uvute ncha ya sikio taratibu. Usitie njiti wala unyoya wa kuku. Likiuma au kutoa usaha kesho yake, nenda kituo cha afya, na usirudi majini mpaka lipone.